Mtoto akiomba simu amrekodi bibi yake

Ilikuwa Jumamosi jioni, nyumbani kwetu Mbagala, binti yangu anayesoma kidato cha tatu aliponiomba simu. Nilidhani anataka kuangalia video za TikTok. Akasema hapana, anataka kumrekodi bibi yake.

Yeye na wenzake watatu wa klabu ya shuleni wameanzisha podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kusikilizwa wakati wowote mtu anapopata nafasi. Wamejipangia maswali matatu: sisi ni nani, mila zetu zinasemaje, na sheria inasemaje.

Shuleni kwao, kama zilivyo shule nyingi, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo wanarekodi nyumbani mwisho wa wiki kwa simu za wazazi, kisha kaka wa mmoja wao mwenye kompyuta anaviunganisha vipande.

Nilimpa simu. Mama yangu, aliyekuja kwetu kutoka Kisarawe kutibiwa macho, alikuwa amekaa mkekani uani. Mjukuu akamwamkia, akakaa karibu naye, akaanza kuuliza. Jina lako bibi lina maana gani? Ukoo wetu ulitoka wapi? Kwa nini Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana?

Mama alijibu huku akicheka. Kisha likaja swali la mwali, msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani. Mama akanigeukia.

“Mwanangu, haya si ya wanaume. Nenda katembee kidogo.”

Nikaenda zangu dukani kwa Mangi, nikakaa huko mpaka adhana ya isha.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye daladala kutoka Rangi Tatu, foleni imekwama Mtoni kwa Azizi Ally. Nikafungua simu, nikaliona faili la sauti la dakika 41. Nikajiambia ni wajibu wangu kama mzazi kujua mtoto amerekodi nini. Nikavaa hedifoni.

Swali la mwali mama alilikwepa. Alimwambia mjukuu wake kwamba ya ndani hayaingizwi kwenye simu. Lakini mtoto akauliza jingine: “Bibi, uliolewa na babu ukiwa na miaka mingapi?”

Kikapita kimya kirefu. Kisha mama akasema babu alikuwa mume wake wa pili. Wa kwanza aliozwa naye mwaka 1969, akiwa na miaka 14, mara tu alipomaliza darasa la nne. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Alikaa naye miaka miwili, akazaa mtoto aliyefariki, na siku moja alfajiri akatoka kwa miguu kurudi kwa mama yake.

Nina miaka 46. Sikuwahi kuyasikia hayo. Nilipitilizwa kituo.

Jioni nikamuuliza binti yangu ni nani mwingine mwenye faili lile. Akanijibu kwa fahari kwamba alishawatumia wenzake wote watatu kwa WhatsApp usiku uleule. Mama, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, akasikia. Akauliza ile sauti yake imekwenda wapi.

“Mimi nilijua unaandika daftarini,” alimwambia mjukuu wake.

Hakuna aliyemweleza podikasti ni kitu gani. Mtoto alidhani bibi anajua. Mimi nilidhani mtoto amemweleza. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikiliza siri ya mama yangu bila kumuomba ruhusa, eti kwa kuwa simu ni yangu.

Mzazi mwenzangu, kama hili halijafika kwako, huenda liko njiani. Watoto wetu wanataka kuzungumza kuhusu kabila, dini, ndoa, mirathi na haki zao, na chombo wanachokitumia ni simu iliyo mfukoni mwako. Wapo wazazi wanaowanyang’anya. Wapo wanaowaachia bila kuuliza. Mimi nimejaribu la pili, na nimeona halifai. Lakini baada ya kusoma sheria zinazohusika na kukaa na wale mabinti wanne, sioni kama la kwanza linafaa pia.

Si jambo geni

Mtoto kusikika hewani si mambo ya kizazi hiki peke yake. Wengi wetu tuliokua miaka ya 1980 tunaikumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam na kipindi cha Mama na Mwana cha Debora Mwenda. Tuliacha mpira barabarani tukakimbilia redioni.

Na kusikiliza kwa pamoja ili kujadili nako tulikuwa nako. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takribani watu milioni mbili nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Binti yangu na wenzake hawajui habari hizo, lakini wanachokifanya darasani Ijumaa mchana ni kilekile: wanabonyeza, wanasikiliza, wanabishana.

Mwaka 1999 likaja jarida la Femina, ambalo sasa linaitwa Fema. Liligawiwa shule za sekondari, likafuatwa na klabu za Fema mashuleni pamoja na vipindi vya redio na televisheni. Wanafunzi waliandika barua na kusimulia maisha yao wenyewe. Na kule Mikocheni, Kinondoni, Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina Redio Mlimani, ambako wanafunzi wa uandishi wanajifunza kazi kwa kuifanya.

Kilichobadilika ni mlinzi wa mlango. Zamani kati ya mtoto na hewani alikuwapo mtangazaji, mhariri na fundi mitambo. Mtu mzima mmoja angeuliza, “Huyu bibi amekubali?” Leo kati ya uani kwangu na dunia nzima kuna kitufe kimoja tu. Ile kazi ya mhariri imeangukia kwa mzazi, na wengi wetu hatujaambiwa.

Mimi ni nani?

Kipindi chao cha kwanza kilihusu majina na makabila. Nilikisikiliza kwa ruhusa, na nilijifunza.

Mmoja wa mabinti hao ana baba Mmakonde na mama Mchaga. Alizaliwa Temeke na hazungumzi Kimakonde wala Kichaga. Kwa desturi ya Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa Wachaga, hufuata upande wa baba. Kwa hiyo kwa mila, akina baba wanamwambia ni wa kwa mama yake, na akina mama wanamwambia ni wa kwa baba yake. Angekuwa na mama Mmakonde na baba Mchaga, angedaiwa na pande zote mbili.

Watu wazima tunalicheka jambo hilo. Yeye halimchekeshi, kwa sababu kila anapoulizwa “wewe kabila gani?” hukosa jibu.

Sensa za nchi yetu hazijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Taifa liliamua kutowahesabu watu kwa makabila, na limefaidika kwa hilo. Lakini nyumbani swali halijafutika. Mtoto anakutana nalo kwenye harusi, kwenye msiba, na siku ukoo unapogawana vitu vya marehemu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaligusa. Kifungu cha 6 kinampa mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ukoo wake. Kumjua babu na bibi, kwa hiyo, ni haki iliyoandikwa, si hisani. Mtoto anayekaa na bibi yake na kumuuliza ametoka wapi anatumia haki hiyo, iwe kwa daftari au kwa simu.

Kama unakaa upande wa Kinondoni, kuna pa kuanzia. Kijiji cha Makumbusho, pembezoni mwa Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mpeleke mtoto siku moja, umsimamishe mbele ya nyumba ya kwenu, umsimulie. Hapo utakuwa umempa kipindi kizima.

Mila na sheria zinapokutana

Kipindi cha pili ndicho kile cha ndoa, na ndicho kilichomtoa mama yangu machozi.

Alipoozwa mwaka 1969, Sheria ya Ndoa ilikuwa bado haijatungwa. Ilikuja mwaka 1971. Iliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18. Kwa msichana ikaruhusu miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alivipeleka mahakamani vifungu viwili vya sheria hiyo, cha 13 na cha 17. Huyu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi kwa miaka kadhaa Femina akiwa sura ya vijana kwenye televisheni, kisha akaanzisha taasisi ya Msichana Initiative. Alianzia kwenye kuzungumza na wanafunzi, akaishia mbele ya majaji.

Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba kwa kumbagua msichana. Serikali ilikata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba sheria ilizingatia mila na dini za watu. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufaa hiyo. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka huo ulipita bila marekebisho.

Hapo katikati, mwaka huohuo wa 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kukawa kosa lenye kifungo cha miaka 30.

Wale mabinti waliziweka sheria hizo mbili mezani wakauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria. Msichana wa miaka 15 aliye shuleni analindwa na kifungo cha miaka 30. Je, mwenzake wa umri uleule aliyeacha shule kwa kukosa nauli au sare analindwa na nini? Walizungumza kwa dakika tisa kuhusu rafiki yao mmoja wa darasa la saba ambaye hakuendelea. Jina lake hawakulitaja, na hilo niliwapongeza.

Mtoto anayeweza kuuliza hivyo hajakosa adabu. Ameelewa sheria kuliko wengi wetu.

Wala si kila mila ni ya kushtakiwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mtoto, ambacho wazazi wengi hatukijui, kinaorodhesha wajibu wa mtoto: kuheshimu wazazi, kudumisha umoja wa familia, kuhifadhi na kuimarisha maadili mema ya utamaduni wake. Sheria ileile inayompa mtoto haki inamdai na heshima. Mtoto akikuambia “nina haki”, mwambie asome na kifungu hicho, mkisome pamoja.

Sauti yake ni haki, lakini simu ni yako

Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, wenye maneno yanayofanana na hayo. Kumzuia mtoto asizungumze kabisa, basi, hakuna nguvu ya sheria nyuma yake.

Kuna upande wa pili. Laini iliyomo kwenye simu ile imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Tangu usajili huo ulipokamilishwa Januari 2020, kila namba ina mwenyewe, na mtoto wa miaka 15 hana kitambulisho cha taifa cha kusajilia laini yake. Kitu kikitoka kwenye simu hiyo kikaleta kesi, mtu wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina vifungu vinavyowahusu watoto wetu moja kwa moja. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumwonea au kumnyanyasa mtu mtandaoni. Mzaha wa darasani kuhusu mwalimu au jirani, ukirekodiwa na kusambazwa, unaweza kuangukia hapo.

Kisha kuna leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka watoa maudhui wawe na leseni, na gharama ya mwaka wa kwanza ilizidi shilingi milioni mbili. Zikaja kanuni nyingine mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022. Kipindi cha kusikilizwa darasani ni jambo moja, na chaneli ya umma kwa jina la klabu ni jambo jingine. Kabla hawajafungua chaneli, mwalimu mlezi au mzazi aulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kama wanahitaji kibali. Kuuliza hakuna ada.

Na muziki. Watoto wanapenda kuweka wimbo wa Bongo Fleva mwanzoni ili kipindi kichangamke. Wimbo ni mali ya mtu chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Binti yangu na wenzake walitatua hilo kirahisi: walirekodi makofi yao wenyewe na ndoo iliyogeuzwa kuwa ngoma. Inapendeza kuliko wimbo wowote wa kuiba.

Kukubali ni kukubali nini?

Lililobaki ni lile la mama yangu, nalo ndilo kubwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inajengwa juu ya wazo moja: habari za mtu ni zake, na anayezichukua aeleze anazichukua kwa kazi gani na apate ridhaa. Mhusika akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayehusishwa kutoa ridhaa hiyo. Lakini hata bila sheria, kila Mswahili aliyelelewa anajua kwamba mgeni akikufunulia jambo sebuleni kwako, hulitoi nje.

Mama alisema ndiyo. Ila alisema ndiyo kwa daftari na kwa mjukuu wake, wala hakuwaza kaka wa mtu mwenye kompyuta huko Keko. Na ndani ya simulizi lake hakuwa peke yake. Yule mwanamume wa kwanza ana watoto na wajukuu, baadhi yao wanaishi Temeke hiihii. Hawakuulizwa.

Usiku ule binti yangu aliwapigia wenzake mmoja baada ya mwingine kuomba faili lifutwe. Wawili walifuta palepale. Wa tatu alikuwa ameshamsikilizisha dada yake mkubwa. Hakuna kilichovuja zaidi ya hapo, namshukuru Mungu, lakini mama hakulala. Niliketi naye, nikamwambia na mimi nilikuwa nimesikiliza. Alinyamaza sana. Kisha akasema heri nimejua angali hai, kuliko kuja kusikia msibani.

Tukazungumza mpaka saa sita. Sidhani kama tungezungumza bila ile simu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Haya ndiyo tuliyokubaliana, sisi wazazi wa mabinti wanne na mwalimu wao wa klabu. Chukua yanayokufaa.

Kwanza, anayerekodiwa aelezwe kabla: nani atasikiliza, wapi, na je, itawekwa mtandaoni? Kama ni mzee asiyetumia mitandao, mchezeshee kwanza kipindi kimoja asikie kilivyo. Kisha aulizwe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kujisikiliza. Akisema hapana mara ya pili, inafutwa, bila kununa.

Pili, faili halitoki nyumbani siku ileile. Lilale angalau usiku mmoja. Maneno mengi tunayoyajutia husemwa na kutumwa usiku huohuo.

Tatu, majina ya shule, mtaa, na ya watu wasiokuwepo yaondolewe. Wanafunzi wenyewe watumie majina ya klabu, si majina kamili. Sauti ya mtoto wa kike pamoja na jina lake na shule yake inatosha kumwonyesha mtu mbaya njia.

Nne, mzazi asikilize kipindi kabla hakijatoka, lakini aombe. Ukisikiliza kwa kuvizia kama nilivyofanya mimi, kesho mtoto atarekodi kwa simu ya mtu mwingine, na hutajua chochote.

Tano, wanapozungumzia sheria, wataje jina la sheria na mwaka wake, na wamwonyeshe mtu anayejua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumu bila malipo. Kwa masuala ya ndoa na mirathi, Temeke tuna Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia masuala ya familia.

Sita, na hili msilichukulie kwa wepesi: huenda mtoto atakapouliza wenzake kuhusu mila na haki, mmoja atasema jambo linalomtokea sasa hivi. Anapigwa, anaguswa, anatafutiwa mchumba. Hicho si kipindi tena. Wazime simu, wamwambie mtu mzima wanayemwamini. Namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Mara ya pili

Wiki mbili baadaye, macho yake yakiwa yameanza kupona, mama alimwita mjukuu wake mwenyewe. Alitaka kurudia.

Safari hii alitoa masharti. Jina lake lisitajwe, wala kijiji, wala jina la yule bwana wala kazi yake. Habari za mwali zisiulizwe kabisa. Hizo atamfundisha mjukuu wake wakati ukifika, mlango ukiwa umefungwa. Na aulizwe pia kuhusu shule, kwa sababu watu wakisikia habari ya kuozwa watadhani hakuwa na akili ya darasani, na yeye alikuwa wa pili katika darasa la nne.

Kwa hiyo kipindi kinaanza na shule. Bibi asiye na jina anataja hesabu alizozipenda, mwalimu aliyemsihi baba yake amwache aendelee, na gauni la shule lililokatwa likawa la mdogo wake. Habari ya ndoa inachukua dakika tatu tu kati ya kumi na mbili. Baada ya hapo mabinti wanasoma sheria ya 1971 na hukumu ya 2019, wanaeleza maana yake kwa maneno yao.

Na mimi leo nimeisimulia habari hii hapa kwa ruhusa yake. Nilimsomea kila sentensi inayomhusu. Ya kijiji alinifutisha, na nilipouliza kama biashara ya nazi niitaje, alisema itaje, maana wauza nazi walikuwa wengi.

Kipindi kilisikilizwa darasani mbele ya mwalimu wao. Kwenye mtandao hakijawekwa, na mama ndiye atakayesema kama kitawekwa.

Mabinti sasa wanaandaa kipindi cha tatu, cha mirathi, na wanataka kuwahoji akina baba. Nimeambiwa nijiandae. Nimeomba nione maswali mapema, nikajibiwa kwamba nitaelezwa kila kitu kabla ya kurekodiwa, kama alivyoelezwa bibi, na kwamba nikikataa hawatanuna.